Michoro Iliyofuliwa

Watu huniuliza kuchora nimejifunza wapi, na mie huwajibu kwamba nimejifunza kwa sababu mama yangu hakuweza kuuona uchafu akaupita. Hucheka, wakadhani nafanya mzaha. Mzaha wa nini? Lau mama yangu angekuwa mvivu wa kufua, leo ningekuwa kizee wa kawaida tu, nakaa nasengenya watu kutwa. Sasa hivi angalau nasengenya huku nachora.

Habari yenyewe ni ya miaka ya hamsini, kabla siasa haijaingia majumbani ikawafanya majirani wasusiane sukari na chumvi. Tulikuwa tunakaa Mkunazini, orofa ya pili, kwenye nyumba ambayo ngazi zake zilimwangusha kila mgeni. Mie nilikuwa nimeshatoka skuli, nimeshawekwa ndani, nangoja mume ambaye hapakuwa na mtu mwenye haraka ya kumtafuta, kwa sababu ya huu mdomo wangu. Kazi yangu, kama ya wasichana wengi wa mjini, ilikuwa kushona kofia.

Asiyejua nimweleze. Kofia yetu ya mkono huanza na kitambaa cha bafta nyeupe kilicholazwa mara mbili. Mchoraji huchora juu yake maua, majani na nyota kwa kalamu ya risasi. Kisha mshonaji hutoboa vitundu vidogo ambavyo sisi tunaviita viua, akavizungushia uzi kimoja kimoja, mpaka mgongo unamuuma na macho yanamtoka machozi. Kofia moja hula miezi. Ikisha hufuliwa, risasi yote ikaondoka, ikatiwa kanji ikakakamaa, ikavikwa kwenye kigogo cha mti chenye ukubwa wa kichwa mpaka ikakaa sawasawa. Hapo ndipo inapoitwa kofia. Kabla ya hapo ni kitambaa kichafu chenye jasho la vidole, na hakuna mwanamke mwenye kujiheshimu aliyekitoa nje ya mlango wake. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililotuponza.

Wachoraji walikuwako kadhaa, lakini Bibi alikuwa mmoja. Mji mzima ulimwita Bibi Mchoraji. Alikaa nyumba ya pili kutoka kwetu, mjane asiye na mtoto, mrefu, mkavu, na ulimi wake ukiupima na wangu, wangu ulikuwa bado unanyonya. Wanawake walimletea bafta kutoka Malindi, kutoka Ng'ambo, hata kutoka Makunduchi. Maua yake yalikuwa yamenenepa kidogo upande mmoja, kama mtu aliyeegemea mto, na ukiyaona juu ya kichwa cha mwanamme yeyote ulijua tu: hii ya Bibi. Lakini nani alimsifu? Alisifiwa aliyeshona, na akasifiwa aliyeivaa. Yeye kazi yake yote iliishia kwenye beseni la kufulia.

Na kuchora hakumfundisha mtu. Kushona, njoo akufunze mpaka umchoke. Kuchora, hapana. Mama yangu alimwomba wakati wa ujana wake, akaambiwa, "Mwanangu, hichi ndicho nnachokula. Nikikupa wewe, mie ntakula nini?" Mama hakurudia tena.

Halafu macho yakaanza kumwondoka. Mtoto wa jicho, mwanzo la kulia, kisha la kushoto. Sisi majirani tulijua, kwa sababu alikuwa akituamkia kabla hatujamwamkia, apate kusikia sauti ajue ni nani. Wateja hakuwaambia. Aliposhindwa na bafta ya mtu alisema ana homa, na homa hizo zikawa nyingi.

Mwaka huo mwalimu wetu wa zamani wa kazi za mikono akatangaza maonesho ya wanawake katika ukumbi wa skuli. Alituita sisi wanafunzi wake wa zamani akatwambia tulete vitu vyetu. "Lakini nakuombeni," alisema, "msiniletee foronya zenye kasuku. Kasuku nimewachoka."

Tulikuwa wasichana wanne. Mie, shoga yangu wa Ng'ambo, ambaye wazee wake walitoka bara na alikuwa anacheka kabla hajajua anachekea nini, na ndugu wawili wa Kiponda, wapole hao, wakisema neno moja asubuhi jengine jioni. Shoga yangu ndiye aliyeleta fikra: tuchukue michoro ya Bibi, kila mtu aishone anavyotaka mwenyewe, si anavyotaka mvaa kofia. Nyuzi za rangi, ushanga, chochote. Fikra yangu ikaja juu ya yake. Nikasema kila bafta tuishone nusu tu. Nusu ya pili tuache risasi ya Bibi ionekane kama ilivyo, ili watu kwa mara ya kwanza waone alichofanya yeye kabla sindano haijakifunika.

Tukenda kwa Bibi kumwomba. Loo! Alitukoromea hata paka akaondoka.

"Kitambaa hakijafuliwa, mnamwonesha nani? Mnataka watu waje waone na jasho langu?"

"Bibi," nikasema, "si uchafu, ni kazi yako."

"Kazi yangu haitoki nje haijakoga. Hata nyie hamtoki hamjakoga. Au mnatoka?"

Mie nilishapandwa na hasira, nataka kujibu, shoga yangu akanitangulia. Akasema taratibu, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akisema kitu bila ya kucheka: "Bibi, wewe maisha yako yote unafutwa. Kila ikifuliwa moja, unafutwa. Na anayekufuta ndiye anayesifiwa."

Bibi alipapasa kidani chake shingoni, akatwambia tuondoke, ana homa. Tukaondoka tumenuna.

Asubuhi ya pili akamtuma mtoto wa jirani kutuita. Alikuwa ameketi chini ya dirisha, amevua ukaya wake wa kichwani, mwanga wote uko mapajani mwake. "Leteni bafta," alisema. "Ntakuchoreeni nne. Na nakwambieni kabisa, ndizo za mwisho. Nikishamaliza hizi, kalamu naitupa baharini. Bora niache mwenyewe kuliko waje kusema Bibi siku hizi anachora ovyo."

Alizichora asubuhi tu, jua likiwa limeingia ndani, uso wake, alivyokuja kunambia mwenyewe baadaye, umekaribia kitambaa mpaka pua inagusa. Alituweka nje ya chumba, mlango umerudishwa. Mpaka hapo bado alikuwa anaficha ufundi wake. Alipotukabidhi hatukuona kosa hata moja. Maua yale yale, yameegemea vile vile.

Na kuanzia hapo akabadilika. Yeye aliyetufukuza akawa ndiye anayetuulizia. Maonesho lini? Ukumbi mkubwa? Na wake za wakubwa watakuja? Alishonesha buibui jipya, akafukiza udi nguo zake kabla ya wakati. Siku moja nilimpelekea chai, akanishika mkono akaniuliza kwa sauti ndogo, kama mtoto anayeuliza kama ataletewa zawadi, "Mtawaambia kama ni mimi?"

"Tutakuwekea kiti mbele kabisa, Bibi. Kila atakayeingia atakuona wewe kwanza."

"Haya," akasema. "Maana mie mwenyewe sitowaona."

Nilirudi kwetu. Nikajiapia kwamba lolote litakaloharibika katika maonesho yale, liharibike jengine, si hili.

Tukashona. Shoga yangu akatia uzi mwekundu, mwekundu wa damu, kwenye bafta ya kofia, jambo ambalo bibi yake alipoliona alisoma aya. Wale ndugu mmoja akatumia buluu tupu, mwengine akashona ushanga ndani ya kila kiua. Mie nikashona nyeupe, lakini mashina ya maua nikayaunganisha yote yakawa mzabibu mmoja unaozunguka bila kukatika. Kila mmoja alifika nusu akasita. Kwenye nusu ya pili palibaki mistari ya Bibi, ya kijivu, myembamba, na alama za vidole vyetu kotekote. Nilikuwa nikiitazama ile nusu nisichoke. Nilikuwa nimeshona michoro yake tangu utotoni na sijawahi hata siku moja kuitazama. Nilikuwa naifuata tu.

Siku moja kabla ya maonesho tulizikusanya bafta zote kwetu. Nikazifunga ndani ya kanga, nikaziweka juu ya sanduku, nikaenda na shoga yangu ukumbini kusaidia kupanga meza. Mama hatukuwa tumemweleza habari ya nusu. Tulimwambia tu kwamba tunafanya mambo mapya. Tungemweleza zaidi angetukatalia kama alivyotukatalia Bibi, na mie sikuwa na nguvu za ugomvi wa pili.

Tuliporudi adhuhuri, nyumba ilikuwa inanukia sabuni na pasi ya makaa. Mama alikuwa amekaa mkekani, uso umemng'aa kwa furaha, na mbele yake bafta nne zimekunjwa vizuri, zimetiwa kanji, nyeupe zinaumiza macho.

"Nimekufulieni," alisema. "Astaghfirullah, mlitaka kuzipeleka vile? Mkamtia aibu Bi Mkubwa wa watu mbele ya mji? Nimesugua mpaka risasi yote imetoka, haikubaki hata doa."

Nikaikunjua ya kwanza. Upande mmoja maua mekundu. Upande wa pili hakuna kitu. Nikaikunjua ya pili, ya tatu. Nilipiga ukelele hata jirani wa chini akapanda kuuliza nani amefariki.

"Mama! Umemfuta! Umemfuta Bibi!"

"Nimemfuta nani? Mbona unanifokea, wee mtoto? Nyie si mmesema mnafanya mambo mapya? Nikaona maua mekundu, nikaona ushanga, nikajua ndio mtindo wenu, mnashona nusu nusu!"

Shoga yangu ndiye aliyemweleza, kwa sababu mie nilikuwa nimejitupa kitandani. Nikamsikia Mama akisema, taratibu sana, "Zilikuwa za mwisho?" Shoga yangu akajibu naam. Nilipotoka chumbani Mama alikuwa analia, ameikumbatia bafta kifuani, na hasira yangu yote ikaniishia. Mama yangu alikuwa amefua kwa mapenzi. Alikuwa amefanya vile vile alivyofunzwa na mama yake, na vile vile ambavyo Bibi mwenyewe angemfunza. Kama kuna mtu hapa duniani ambaye sikutaka aumie kwa jambo lile, baada ya Bibi, ni yeye.

Tulitaka kwenda wenyewe kumwambia Bibi. Mama akakataa. "Niliyefua ni mimi," alisema. Akavaa buibui, akazichukua bafta, tukamfuata nyuma baada ya sala ya alasiri.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho bila ya kumkatiza, na hilo peke yake lilinitisha. Halafu akanyoosha mikono. Mama akamwekea bafta mapajani. Bibi akapapasa upande wenye uzi, akapapasa upande mtupu, akarudia tena ule mtupu, polepole, kama kwamba labda kimesalia kitu. Akaisogeza karibu na jicho la kushoto. Akaiweka chini.

"Umefua vizuri," akamwambia Mama. "Kanji haikuzidi."

Mama alivunjika moyo hapo, akapiga magoti. Bibi akamshika bega. "Inuka, mwanangu. Ningekuwa mimi ningefua."

Nje mtu alikuwa anapita anauza kahawa, vikombe vinalia. Mie nikasema, maana kunyamaza siwezi, "Tutamwambia mwalimu hatuji. Basi."

"Hamji kwa nini?" Bibi akauliza. "Na buibui langu jipya nilivae kwenda kwa nani?"

"Lakini Bibi, hakuna cha kuonesha. Na wewe macho ..."

"Macho yangu nayajua mie." Akageuka kwenye pembe ya chumba, akapapasa chini ya mto, akatoa kalamu yake ya risasi, kipande kifupi kuliko kidole. Nilidhani anataka kuitupa kweli. Badala yake akaishika hewani, akasema, "Nani kati yenu ana mkono usiotetemeka?"

Shoga yangu akanisukuma mgongoni. Nikajikuta nimekaa mbele ya Bibi, kalamu imo mkononi mwangu. Mama akainuka kutaka kuondoka, kwa heshima, maana ilikuwa inajulikana kwamba mlango ule hufungwa Bibi akichora. Bibi akasikia buibui linaburuzika. "Kaa," akamwambia. "Wewe uliniomba zamani. Kaa usikilize."

Basi akaanza kusema. Kitambaa kikunje mara mbili, kisha mara mbili tena, ukipige mkunjo kwa ukucha. Anza katikati, ukingo utajijia wenyewe. Laza ukucha wa kidole gumba: urefu wake ndio tumbo la ua. Zungusha. Sasa sogea upana wa kidole, laza tena. Pale unapotaka kunyoosha mstari, usinyooshe, uache uegemee, kwa sababu kichwa cha mtu ni duara na mstari ulionyooka huonekana umevunjika. Aliyasema yote haya kwa haraka, kwa sauti kavu, kama mtu anayekabidhi funguo. Niliwahi kusoma Kurani chuoni na nimesoma skuli, lakini sijawahi kusikiliza kama nilivyosikiliza siku ile. Mama nyuma yangu alikuwa hata hapumui.

Nikachora mpaka jua lilipokaribia kuzama, na asubuhi tukaendelea. Lakini nilipozitazama zile nusu nikaona balaa. Maua yangu hayakulingana na yake. Yalikuwa madogo, yamesongamana, upande wa uzi yako manne na upande wangu yako sita.

"Bibi, nimeharibu. Nimefuata kila ulilosema, lakini hayalingani."

Akanitaka kidole. Nikampa. Akakibinya kidole gumba changu, akakilinganisha na chake, halafu akaangua kicheko, kicheko ambacho sikumjua kama anacho. "Mtoto huyu ana ukucha wa njiwa! Sasa ulitaka upate ua langu kwa ukucha wako?"

"Niyafute nichore upya?"

"Usifute. Tumeshafutwa inatosha."

Tukazipeleka kama zilivyo.

Ukumbi ulijaa wanawake peke yao, mabuibui yamening'inizwa mlangoni, harufu ya asumini na udi, kelele tupu. Bafta zetu tulizibana juu ya kanga nyeusi ukutani, na mbele yake tukaweka kiti cha Bibi. Alikaa ameinua kichwa. Wanawake walipita, wakasimama, wakaanza kuulizana: kumbe ni huyu? Mimi nimemshonea mume wangu kofia ya mchoro wake. Mimi nimeshona zake tangu mwari. Wakaanza kumwamkia mmoja mmoja, wengine wanambusu mkono, na yeye akijibu "Marahaba, marahaba," shingo imemnyooka. Nilitamani siku ile isiishe.

Kisha akaja mama mmoja mkubwa wa Vuga, mwenye dhahabu mpaka viwikoni, watu wakampisha. Akatazama kazi zetu kwa makini, akacheka kwa uzi mwekundu, akasimama mbele ya bafta yangu.

"Mbona huku maua makubwa na huku madogo?" akauliza. "Bibi, ulichoka katikati?"

Ukumbi wote ulisikia. Nilitaka kusema ni mimi, kosa langu, yeye hana kosa, lakini kulisema hilo ni kusema mbele ya wateja wake wote kwamba Bibi haoni. Nikatafuna mdomo. Bibi naye akainamisha kichwa. Yule mama, labda kwa kuona amemkera, akaongeza kwa upole, "Sikusudii ubaya. Mwanangu anaoa mfungo mosi, Ramadhani ikisha. Nataka unichoree wewe kofia yake ya harusi, kwa mkono wako."

Niliuona mkono wa Bibi ukiufinya mkono wa kiti. Homa ingeweza kumwokoa. Angesema ana homa, yule mama angeondoka, na hakuna ambaye angejua kitu. Nilimwona akifikiri hivyo.

"Macho yangu yamekwisha," akasema, kwa sauti ya kufika mlangoni. "Huku kwenye makubwa nilichora mie. Huku kwenye madogo kachora huyu." Akanyoosha mkono akapapasa hewani mpaka akanipata, akanivuta mbele. "Lete bafta yako. Atakuchorea huyu."

Yule mama akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Mtoto huyu? Na akikosea?"

"Akikosea," Bibi akasema, "nimekosea mie."

Bafta ililetwa siku ya pili, nikaichora, nikaikosea. Nilikosea na iliyofuata. Nimekosea kofia nyingi katika miaka ile, nazikumbuka hata vichwa vyake, na mpaka Bibi anafariki hakuna mwanamke hata mmoja aliyepanda ngazi zetu kuja kunilaumu. Walikwenda kwake, wakamkunjulia kitambaa asichokiona, wakamwonesha kosa kwa kidole. Na mie nikiwa chumba cha pili mle mle kwake, nimeshika kalamu, nilimsikia kila mara akiwajibu, "Naam, kweli. Hapo nimekosea."